Santuri ya Nje

Katika sebule ya Profesa santuri hazikukaa ovyo. Zilizotengenezwa nje zilikaa rafu ya juu, zimesimama wima, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Zilizofyatuliwa hapa nchini zilirundikwa chini karibu na mlango, zikila vumbi la viatu. Huo uprofesa alijipa mwenyewe, maana chuo hakuwahi kukikanyaga hata kwa kutembelea. Lakini mgeni yeyote, kabla hajakaa sawasawa, alikuwa ameshapewa somo.

Siku hiyo mgeni alikuwa mtu wa kampuni inayotoa upya nyimbo za zamani. Alikuja kwa ajili ya wimbo mmoja wa bendi ambayo Profesa aliiongoza na kuipigia gita enzi za ujana wake. Mdogo wake Profesa, ambaye watoto wa Profesa walimwita Shangazi mpaka mtaa mzima ukadhani ndilo jina lake, alikuja pia pamoja na binti yake. Hakuna aliyewaalika. Shangazi alikuwa ameimba katika wimbo huo, na Profesa aliongea na mtu wa kampuni kwenye simu nusu saa nzima bila kulitaja hilo.

Shangazi alikaa pembeni. Tangu alipopasuliwa tezi ya shingo, sauti yake ilibaki ya kukwaruza, na akizidisha maneno ilikauka kabisa. Binti alizaliwa baada ya upasuaji. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa kwamba mama yake alikuwa na sauti ya kusimamisha watu njiani, naye alikuwa akitabasamu kwa adabu, vile tunavyomtabasamia mzee anayedai zamani hakuna aliyemshinda mbio. Tabasamu hilo lilimuuma Shangazi kuliko kisu cha daktari. Alitaka jambo moja tu kabla hajafumba macho: mtoto wake amsikie.

Profesa aliishusha santuri ya nje ya wimbo huo kwa mikono miwili. Alimwonyesha mgeni lebo, pale palipoandikwa nchi ilikotengenezwa, akamwambia hapo ndipo pa kusoma kwanza, jina la mwanamuziki baadaye. Wenzetu, alisema, walitumia plastiki mpya, na kalibu la chuma la kuikandamizia walilitupa mara tu lilipoanza kuchoka. Sisi tulilitumia mpaka likaisha makali. Na plastiki yetu ilikuwa makombo: santuri zilizododa zilirudishwa kiwandani, zikasagwa pamoja na lebo zake za karatasi, zikafyatuliwa upya. Ndiyo maana zinakwaruza. Mkusanyaji mwenye akili zake, alisema, hawezi kuhangaika na takataka hizo.

Yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana hakuna aliyembishia. Kuna kitu kimoja tu alichokiruka. Wale wa nje waliona wimbo ni mrefu mno kwa upande mmoja wa santuri ndogo, wakakata kipande cha katikati, alichoimba Shangazi. Mwanzo na mwisho, alipoimba Profesa, hawakupagusa. Profesa ndiye aliyetia sahihi. Alimwambia dada yake asijali, hiyo ni biashara tu, na santuri ya hapa nyumbani ina wimbo mzima, pande zote mbili. Shangazi akayameza. Nakala yake mwenyewe ilipinda kwa jua siku ya kuhama nyumba, lakini hakulia sana, kwa kuwa kaka yake alikuwa na boksi zima la zile ambazo hazikununuliwa. Kila alipoliulizia aliambiwa liko stoo, chini ya vitu.

“Tumieni ile ya kwetu,” alisema sasa.

Profesa alicheka, akaanza tena habari za mikwaruzo. Mgeni akaweka kikombe chini. Alisema ya nje wanayo, kila mtu anayo. Kilichomleta ni hiyo ya hapa. Mzee mmoja amewasimulia kwamba katikati kuna sauti ya mwanamke, na wakusanyaji wa huko huko nje wanaisaka kama wendawazimu, hajaiona mtu hata mmoja. Mikwaruzo si tatizo, siku hizi kuna mashine za kuipunguza. Alihitaji nakala moja tu, iwe iwavyo.

Binti alimgeukia mama yake, na safari hii hakutabasamu. Shangazi akasikia uso unapata moto kwa furaha.

“Kaka, lete basi lile boksi.”

Profesa alianza kuipangusa ile santuri ya nje, ambayo haikuwa na vumbi. Alisema stoo imejaa. Binti akasimama, akamwambia, Mjomba, mimi nitavitoa hivyo vitu, wewe nionyeshe tu. Hapo Profesa akasema boksi liliingiwa na mchwa. Kisha akasema labda lilisahaulika walipohama. Shangazi alimjua kaka yake tangu anaiba sukari jikoni na kusingizia sisimizi. Ule moto usoni ukazimika.

“Liko wapi?”

“Kiwandani walikuwa wanapokea,” Profesa alisema, macho chini. “Ukipeleka zilizododa wakasage, unachagua moja ya nje pale dukani kwao. Zilikuwa zinakwaruza, mdogo wangu. Nilikuwa naona haya mtu akizikuta kwangu.”

“Ukachagua ipi?”

Profesa aliacha kuipangusa santuri. Alikuwa ameishika.

Mgeni aliaga kistaarabu, akaacha namba yake ya simu endapo ingejitokeza nakala mahali. Shangazi alijua haitajitokeza. Sauti yake ilikwisha sagwa na kufyatuliwa nyimbo za watu wengine, ikawa mikwaruzo ile ile ambayo kaka yake haitaki katika rafu ya juu. Alimchukia, na hakutafuta neno la kulainisha hilo.

Profesa, kwa kutaka kujikosha, alisema basi angalau mtoto ausikie wimbo wenyewe. Akaiweka santuri, akashusha sindano taratibu. Kweli ilikuwa safi. Gita lilisikika kama linapigwa mle mle sebuleni. Binti alisogeza kiti, akainama karibu na spika.

“Unaingia wapi, mama?”

Shangazi aliinua kidole amsubirishe. Gita likapanda, likafika pale alipozoea kuvuta pumzi, naye akaivuta bila kukusudia.

“Hapa,” alisema, na sauti ya kaka yake, ya ujana, isiyo na doa, ikaingia na ubeti wa mwisho.