Kichwa Wazi Juu ya Chungu

"Huyu Maëlle mikono yake michafu," bosi wangu aliwaambia watu kumi na mmoja, nami nimeketi pale pale.

Bosi huyo, Lecacheux, alikuwa akieleza kwa nini chungu namba saba kimefeli. Vyungu vyetu vya kuongeza kasi ya chembe ni vya metali ya niobi, virefu kama mtungi wa gesi. Vikizamishwa kwenye heliamu yenye baridi kali, hupitisha umeme bila kupoteza karibu chochote, na mawimbi yake husukuma ayoni, chembe zenye chaji, ambazo bado zinakwenda polepole. Punje moja ya vumbi ndani huviharibu. Jumatatu namba saba kilifika nusu ya nguvu, kikaanza kutema eksirei. Aliyekifunga ni mimi. Mkataba wangu unaisha Juni, na Mama Oudin, mkuu wa mradi, alikuwa aamue Ijumaa kama nitaajiriwa moja kwa moja.

Mimi, ninayepuliza kila bolti mpaka mashine ya kuhesabu vumbi isome sifuri, hata asubuhi nzima iishie hapo.

Nikatoka bila kuaga. Kantini, juu ya mashine ya kahawa, palibandikwa picha ya jarida letu: Lecacheux kwenye chumba safi, kile kisichoruhusiwa vumbi, kofia ya vazi la kuzuia vumbi ameishusha ili sura ionekane, nywele zake juu ya mdomo wazi wa chungu. Namba saba ubavuni mwake ilisomeka vizuri. Siku ile nilimsihi angoje nifunge. Alicheka: "Tulia, mtoto. Vumbi la humu linanijua."

Niliibandua, nikarudi mkutanoni, nikaiweka mbele ya Mama Oudin.

"Picha tu hiyo," Lecacheux akasema.

"Siku ile mashine ya vumbi ilisoma mia nne. Nikakwambia kirudi kuoshwa, ukasema ratiba haina muda wa kuoga."

Mama Oudin hakumtazama yeye. Aliniuliza kwa nini basi nilitia saini.

Hasira ikanigeukia. Kwetu anayefunga ndiye mwenye kukataa. Hata mkurugenzi hana amri juu ya ile mashine. Nililijua hilo.

"Niliitaka kazi," nikasema.

Akaandika majina mawili kwenye ripoti, langu na la Lecacheux. "Kioshe, ukifunge upya. Kikifika nguvu yake, tutaongea habari ya kazi."

Jumatano nilikuwa nakaza bolti ya mwisho Lecacheux alipogonga kioo cha chumba safi, akiashiria nimfungulie. Kofia ya vazi ilikuwa mkononi mwake.

Nikaitazama mashine. Sifuri. Nikaendelea kukaza, naye akabaki nje akigonga.