Mpagazi wa Mwalimu Khalfani

Ulikuwa mkesha wa akika ya mjukuu wangu, na jina lilikwishapatikana: Faraji. Aliliusia marehemu mume wangu, Mwalimu Khalfani. Faraji ni mpagazi katika kitabu chake cha kufundishia Kiingereza, alichokuwa akinisomea kwa Kiswahili kila baada ya magharibi, mimi nikichambua mchicha. Niliishia darasa la saba, Kiingereza sikijui. Mzungu anapotea porini, Faraji anamwongoza, anakufa maji akimvusha mto, Mzungu analia kaburini kwake. Nilimwombea dua kama mtu wa kwetu.

Binti yangu Firdausi alikuwa amekuja kwangu Kongowe kujifungua. Nikamwambia atafute pale Faraji anapozikwa, awasomee wageni. Akafunua kurasa, mtoto kampakata. Akafunua tena.

"Mbona kimya? Au mume wangu kakukojolea?"

"Mumeo kalala, mama." Hakucheka. "Humu hamna Faraji."

"Tafuta mpagazi."

"Mpagazi yupo. Hana jina. Wanamwita nyani. Anachapwa viboko, anazama mtoni na bunduki, halafu Mzungu anaisikitikia bunduki."

"Na kaburi?"

"Hamna kaburi, mama. Anasema watu weusi hufa kama inzi, wala hawaliliani."

Nikamwambia asome tena, polepole. Yakawa yale yale.

Mwandishi simjui, hakula kwangu. Khalfani alikula kwangu. Aliyaona maneno hayo kila jioni, akayameza, akanitazama usoni, akanisomea mengine. Na darasani je? Wanafunzi wake aliwasomea yalivyo? Basi aliyefichwa ni mimi tu, kama mtoto anayetiliwa dawa kwenye uji.

"Labda baba aliona haya," Firdausi akasema.

"Angesema. Tungeona haya wote wawili."

Kesho yake sheikh akauliza jina. Firdausi akanitazama mimi. Nikawaza: kitabuni halimo. Mzungu hakulitoa, lilitoka kinywani mwa Khalfani.

"Faraji," nikasema. Watu wakamsalia Mtume.

Ikafuata dua ya marehemu. Mikono niliinua, ila sauti haikutoka. Wakaniletea mtoto, kichwa kimenyolewa, kinang'aa. Nikamwinamia sikioni.

"Haya, mume wangu," nikamwambia. "Wewe usije ukanificha."