Kijiti cha Zizini

Uani kwa Mzee Bujiku, hapa Isaka, kuna reli yenye urefu wa hatua mia moja na arobaini. Nimezihesabu mwenyewe, kwa sababu nusu ya reli hiyo nimeichomelea mimi. Inaanzia kisimani, inapita katikati ya mihogo ya mkewe, inasimama kwenye mpapai, halafu inapinda kwenda kuishia kwenye zizi la zamani. Stesheni zetu ni hizo tatu: Kisimani, Mpapai na Zizini. Vichwa vya treni tumevitengeneza kwa madebe ya mafuta na mota za drili, na mabehewa ni ya mbao.

Mzee Bujiku aliendesha treni za kweli miaka thelathini kati ya Tabora na Mwanza. Mimi ni fundi redio tu. Mambo ya reli nilijifunza kwake, na kwenye kitabu chake cha sheria ambacho nilikisoma mara nne mpaka jalada likatoka.

Kila Jumapili, kuanzia saa nane mchana, tunakusanyika watu wazima watano na kuendesha safari kumi na nne kwa ratiba. Anayepita akituona tunafuatana na madebe anacheka. Lakini sisi hatuchezi. Pana meza chini ya kibanda cha mabati, na anayeikalia ndiye anayeamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Anaongea na stesheni kwa simu za zamani nilizoziunga kwa waya, na anaandika kila dakika daftarini.

Meza hiyo ilikuwa ya Mzee Bujiku. Macho yalipoanza kumsumbua akawa ananiachia mimi, nikaikalia miaka miwili. Sikuwahi kusema kwamba ni yangu. Nilidhani inajulikana.

Kisha akaja Mama Blessing. Jina lake ni Apolonia, stesheni masta mstaafu, amehamia Isaka kwa binti yake. Jumapili ya kwanza alikaa pembeni akatazama. Ya pili akauliza swali moja tu: kwa nini treni namba nane isubiri Kisimani dakika sita, wakati ingeweza kusubiri Mpapai dakika mbili? Mzee Bujiku akapiga paja lake, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mama! Miaka yote hii hakuna aliyeliona hilo!"

Ratiba ile niliipanga mimi.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na habari ya Mama Blessing. Mageni, mtu wetu wa Mpapai, ambaye zamani alichimba dhahabu Mwakitolyo na hakuna asilolifanyia utani, alianza kumwita Bosi. Mimi hajawahi kuniita bosi. Mbuke, muuza vitenge anayeendesha treni ya mafuta, alimletea karanga za kukaanga. Nikajiambia hayo ni mambo madogo. Usiku nilikuwa nayahesabu.

Mwezi uliopita Mzee Bujiku akatwambia kwamba anataka kumpa mtu mmoja meza moja kwa moja. Jumapili hii ataikalia Swaleh, yaani mimi, Jumapili ijayo Mama Blessing, halafu atasema. Siku yangu ilikwenda vizuri. Tulimaliza tukiwa tumechelewa dakika nne tu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Dakika nne!" Akaniuliza dakika nne za nini.

Ikaja Jumapili ya Mama Blessing.

Hapa inabidi nieleze kuhusu kijiti. Kati ya Mpapai na Zizini njia ni moja, na ina kijiti kimoja cha rangi ya kijani, kirefu kama kalamu. Dereva haingizi treni kwenye kipande hicho bila kijiti mkononi. Akifika upande wa pili anamkabidhi mtu wa stesheni, naye anampa dereva anayefuata. Kwa kuwa kijiti ni kimoja, treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso.

Siku hiyo nilikuwa dereva. Mpaka safari ya tano tulikuwa hatujachelewa hata dakika moja. Mama Blessing alikuwa akiongea simuni taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, na treni zilikuwa zinapishana Mpapai bila kugusana, kwa mpango ule wake. Niliingiza treni namba tano kutoka Zizini. Mageni alikuwa ameshika simu anacheka.

"Bosi, na wewe! Ungekuwa Mwakitolyo, duara zima la dhahabu lingekuwa lako!"

Hakunitazama. Alinyoosha mkono mmoja nyuma kupokea kijiti, huku bado anacheka na simu, halafu akaushusha akakuna goti. Kijiti nikakitia mfukoni mwa kanzu.

Sikusahau. Nataka hilo lieleweke.

Alipokata simu aliniuliza, "Fundi, kijiti?"

"Nimeweka hapo kwenye kigoda."

Akatazama kigoda. Akainama chini ya kigoda. Mbuke alikuwa tayari na treni namba sita, ameinamia debe lake, anasubiri kwenda Zizini.

"Mageni, tupe kijiti, dakika zinakwenda."

"Nakitafuta."

"Unakitafuta! Hicho ni kijiti au sindano?"

Tulikitafuta wote. Mimi pia nilitafuta, kwenye mihogo, nikifunua majani. Mageni alitoa kila kitu mfukoni: simu, funguo za pikipiki, kipande cha sabuni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mtu wa stesheni anayepoteza kijiti kwetu hakai stesheni tena mpaka mwezi uishe, na hilo analijua.

"Jamani," akasema, "njia si naiona? Nyeupe mpaka zizini! Mbuke, nenda."

Mbuke hakusogea. Hata mimi nisingesogea. Kutoka Mpapai hadi Zizini ni hatua arobaini, na hapakuwa na kitu kwenye reli hata jani. Lakini hakuna kati yetu ambaye angeingiza debe kwenye njia ile bila kijiti. Mke wa Mzee Bujiku, aliyekuwa anapepeta mpunga pale karibu, alisimamisha ungo akatutazama.

"Mmesimama nini? Si muisukume tu?"

Mzee Bujiku akamjibu kutoka kisimani, "Mama, nyamaza, pana tatizo."

Nilitazama saa. Dakika nne zilipita, zikawa tano. Zangu nilikuwa nazo nne. Niliona kitu kinatulia kifuani mwangu, na sitasema uongo, kilikuwa kitamu.

Mama Blessing akatoka mezani na karatasi. Hakumgombeza mtu. Alisimama katikati akasoma alichoandika, kwa sauti ileile ya simuni.

"Kijiti cha Zizini hakionekani. Kuanzia sasa, badala ya kijiti tunaweka mtu. Treni haiingii kipande hiki wala haitoki bila mtu huyo kutembea nayo. Mtu huyo ni mmoja tu, Baba Shadya."

Baba Shadya ni mimi.

"Kwa nini mimi?" nikauliza. "Mimi ni dereva."

"Treni zako ataendesha Mageni. Kwa kazi hii nakuamini wewe."

Sheria hiyo imo kitabuni. Niliisoma mara nne na haikunijia. Yeye ilimjia kwa dakika sita.

Basi nikatembea. Nilikwenda na Mbuke na mafuta yake hadi Zizini, nikarudi na Mageni na mabehewa ya pamba. Treni mbili zilipofuatana kwenda upande mmoja, nilirudi mbio peke yangu kuichukua ya pili. Kila treni ilinisubiri. "Kijiti kinakuja!" Mageni alipiga kelele kila nilipotokea. "Kina ndevu! Kimevaa kanzu!" Mbuke akacheka mpaka akakaa chini. Kijiti chenyewe kilikuwa kinanigonga paja kila hatua.

Mama Blessing alipunguza muda wa kusubiri kwenye stesheni nyingine, tukamaliza safari ya kumi na nne tukiwa tumechelewa dakika tatu.

Tuliletewa chai. Mzee Bujiku alifungua daftari, akalisogeza karibu na macho, akalifunga.

"Swaleh ni mtu makini," akasema. "Lakini nilichokiona leo sijakiona tangu nistaafu. Mama Blessing, meza ni yako."

Mageni akapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono yangu niliiona kama ya mtu mwingine.

"Hapana, mzee," Mama Blessing akasema. "Nakushukuru, ila siitaki."

"Huitaki?"

"Miaka ishirini na tisa nimesimama na bendera, nawaruhusu watu waende. Wanakwenda, mimi nabaki. Sijawahi kuendesha hata kiberenge. Nilipoambiwa hapa pana treni nilikuja kuomba niendeshe. Mkanipa simu." Akacheka kidogo. "Meza mpe Baba Shadya. Mimi nipeni debe."

Mzee Bujiku akanigeukia. "Mwanangu, meza ni yako."

Nikapata nilichokitaka. Nilisubiri nifurahi. Chai ikapoa.

Watu walipoanza kuondoka nilimfuata Mama Blessing getini. Nilitoa kijiti mfukoni nikamwonyesha.

"Najua," akasema. "Kutoka mezani, Mpapai panaonekana pote. Niliona mkono ukiingia mfukoni."

"Ulijua, ukaniteua mimi?"

"Ningemteua nani? Kijiti ulikuwa nacho wewe. Kila treni iliyopita leo imepita na kijiti. Sheria haikuvunjwa hata mara moja."

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana mnakuwa mmelingana.

"Kwangu hakuna deni," akaongeza. "Mwambie Mageni. Yeye ndiye aliyekung'uta mifuko mbele za watu."

Nilimwambia Mageni jioni ileile, dukani kwake. Hakufanya utani, na kwake hilo ni jambo kubwa. Akasema, "Nilidhani nimeanza kuzeeka, fundi." Akaniuzia vocha.

Jumapili iliyofuata nilikalia meza. Niliichonga kalamu, nikapiga mistari daftarini kwa rula. Mama Blessing alipewa treni namba tatu. Alivaa kofia ya zamani ya kazi na raba za binti yake, akawa anatembea kando ya debe ameinama, anaongea nalo. Mbuke alikuwa upande wake wa kushoto. Mageni aliacha kigoda akaja kumwelekeza kona. Hata mke wa mzee aliacha mpunga wake. Walikuwa kundi zima wakimfuata, wakicheka, na kutoka kule nilisikia Mzee Bujiku akisema, "Polepole, mama, polepole, kama hivyo!"

Mezani palikuwa na mimi na simu.

Ikalia. "Mezani, hapa Mpapai," akasema Mama Blessing, anahema kwa furaha kama msichana. "Namba tatu iko tayari. Naomba njia ya Zizini."

Njia ilikuwa tupu. Niliiona.

"Subiri," nikasema.

Nilimweka dakika mbili. Halafu nikampa njia, na kwenye safu ya sababu za kuchelewa nikaandika: bata njiani.

Mzee Bujiku alikuja baadaye kukagua daftari, akalisogeza puani.

"Bata wa nani?" akauliza. "Mtaa huu hakuna anayefuga bata."

Nilichukua rula, nikayakata maneno yale kwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, kama kitabu kinavyotaka. Juu yake nikaandika: kosa la meza. Nikatia sahihi na saa. Mzee alisoma, akanitazama, akavuta kigoda akakaa karibu nami. Simu ikalia tena.