Kila Mgeni na Mwenyekiti Wake

Mimi ndiye ninayefagia kanisa na kuandika matangazo, kwa darasa langu la nne na mwandiko unaopepesuka kama mlevi.

Mchungaji wetu alipostaafu, tukaletewa mwingine, kijana. Jumapili ya kwanza tu akasema twende stendi tukaalike watu. Mwenyekiti wa wazee, tunayemwita Mzee Suti kwa ile suti yake nyeupe, akakohoa.

"Mchungaji, kanisa hili lina wenyewe."

Wenyewe wakaitikia amina.

Binti yangu anauza mkaa hapo hapo stendi. Miaka saba iliyopita alipata mimba bila mume, Mzee Suti akamtoa kwaya mbele za watu na kumwonyesha mlango kwa kidole. Binti akaapa: "Mama, sirudi mpaka mdomo ule ule uniambie karibu." Mimi sikuapa. Nilifagia.

Basi wazee wakatunga kikwazo: asiye na mwenyeji asiingie. Mzee Suti akaniita.

"Andika, na usiharibu: kila mgeni atakaa na mwenyeji wake, naye atasimama amkaribishe."

"Mwenyeji?"

"Mwenyeji! Hilo darasa la nne ulilimaliza kweli?"

"Lilinimaliza lenyewe, baba."

Akatia sahihi bila miwani. Miwani, eti, inamzeesha.

Jumapili mchungaji akasoma, uso unamng'aa: "Kila mgeni atakaa na mwenyekiti, naye atasimama amkaribishe. Wazee wangu, mbarikiwe!"

Mzee Suti akageuka kunitazama. Nikafunga macho, nasali.

Wiki nzima nilishinda stendi. Jumapili iliyofuata benchi lake la mbele, lile lenye mto, likajaa: fundi viatu, makuli wawili, wapiga debe watatu wanaonukia pombe ya jana. Kwa kila mmoja Mzee Suti akasimama. Kila "karibu" ilitoka kama jino.

Wa mwisho akaingia binti yangu, mkaa mpaka viwikoni, kamshika mjukuu wangu mkono.

"Mwenyekiti," mchungaji akasema, "mgeni wako."

"Kari..."

"Sikusikia, mzee," binti akasema.

"Karibu!"

"Asante. Hebu sogea." Akajishikiza begani pa mzee, akakaa.

Vidole vitano, vyeusi, juu ya suti nyeupe.

Jumatatu mke wa Mzee Suti akaniuliza dawa ya madoa ya mkaa.

"Usisugue, mwanangu," nikamwambia. "Yanatoka yenyewe. Ni miaka saba tu."