Manyunyu ya Kona ya Kiwanda

Muuguzi wa mapokezi ya majeruhi alikuwa na mazoea yake. Akishaandika umri, jeraha na mahali pa ajali, huinua macho dirishani, kisha hujaza safu ya mwisho, ya hali ya hewa. Jua. Mawingu. Mvua. Miaka mitatu hakuacha hata mstari mmoja mtupu, na daftari lake lilisifiwa mpaka ofisi ya barabara.

Alasiri hiyo aliletewa shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa pikipiki aliyeitwa Breki kwa kuwa hakuwa nazo. Mguu umevunjika, ulimi mzima. Alinung'unika kwamba wamemkatia suruali mpya, akauliza kama kaka yake ameshaambiwa au bado wanamtafutia maneno matamu. Muuguzi alimfunga banzi, akavuta daftari. Kona ya kiwanda, tena. Akatazama dirishani, akaandika: jua.

Breki alikuwa akichungulia.

"Jua gani, shemeji? Pale palikuwa na manyunyu, hayaloweshi hata leso. Lami imekunywa mafuta ya malori mwezi mzima. Ikionja matone mawili tu, inakuwa sabuni. Mpaka nafikishwa hapa, kumeshakauka."

Kalamu ilibaki hewani.

Mhandisi wa barabara alikuwa ofisini kwa mganga mkuu, akilisubiri daftari hilo hilo alinukuu kwenye ripoti yake. Asubuhi alishasema kona ile haihitaji lami mpya yenye kukwaruza, ya kuzuia utelezi. Majeruhi wake karibu wote waliumia juani, basi kosa ni mwendo wao, na kibao cha kupunguza mwendo kitatosha.

Muuguzi alipita wodini. Wagonjwa watatu wa kona ile walikuwa bado wamelazwa, na wote walitaja manyunyu. Muuza mboga aliongeza kwamba angesema tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemuuliza.

Breki alipoelewa shemeji yake anakokwenda, alimshika mkono, akamsihi anyamaze, kibarua cha uuguzi kisije kikaota nyasi.

"Ukipona, utapita wapi?" muuguzi aliuliza.

"Pale pale. Kuna njia nyingine?"

"Basi niachie mkono."

Aliliweka daftari mezani mbele ya wakubwa wale wawili, likiwa wazi.

"Safu hii ni ya dirisha langu," alisema. "Si ya barabara." Akawasimulia manyunyu ya Breki na ya wale watatu wa wodini.

Mhandisi alifunua kurasa. Mganga mkuu alivua miwani, akasema watazungumza baadaye, kwa sauti isiyoahidi mema. Hatimaye mhandisi alisema anaweza kuchelewesha ripoti hadi Ijumaa, lakini hatapeleka visa vya wagonjwa wanne tu, mmoja wao mwenye maneno mengi.

Majeruhi wa kona ile daftarini walikuwa arobaini na wawili. Muuguzi alirudi mezani kwake, akakigeuza kiti kikalipa mgongo dirisha, akapiga simu ya kwanza.

"Samahani kwa usumbufu, baba. Siku ile ulipoanguka, chini palikuwaje?"