Toa Pumzi Yote

Saa tatu na robo asubuhi picha ya tumbo ilirudiwa, na ya nini kurudia kama si kwamba wameona kitu, yeye mwenyewe, mpiga picha, studioni kwake harudii picha bila sababu, huangalia kioo cha kamera, akiona jambo ndipo humwambia mteja kaa vilevile, tena kwa sauti hiihii ya upole, sauti ya mtu anayeficha, "Mama, tunarudia kidogo, sawa?" mtaalamu wa mashine ya MRI alisema masikioni mwake, kupitia vipokea sauti, kutoka nyuma ya kioo, kidogo, neno gani hilo, hata saratani ya ovari ilianza kidogo, tumbo kujaa kidogo, sketi kubana kidogo, mtaa mzima unaomwita Mama Picha ukasema biashara imemkubali, na mdogo wake akamtania, "Dada, au unatuletea mtoto?" wakacheka mpaka wakashika ukuta, mdogo wake huyohuyo ambaye sasa amekaa nje ya mlango na hereni za dadake kwenye mkoba, maana chuma hakiingii humu, na tangu asubuhi hajatania hata mara moja, hilo nalo linatisha... mashine ikaanza tena, ngo ngo ngo, kama fundi bati aliyepanda juu ya kichwa chake, na yeye chali ndani ya bomba, kava la plastiki la kunasa picha limefungwa tumboni, kiganjani kipira cha kubonyeza akizidiwa, hajazidiwa, hatabonyeza, akibonyeza watamtoa na picha itakuwa haijakamilika, na bila picha daktari wa upasuaji hagusi kisu, alimwambia wazi, "CT scan imenionyesha uvimbe, lakini mbegu ndogondogo za saratani inaweza kuzikosa, ndiyo maana nataka MRI ya mwili mzima, shingoni hadi mapajani, zikiwa chache nakupasua wiki ijayo, zikiwa zimeshika shina la utumbo mwembamba tunaanza na dripu za dawa ya saratani, kisu baadaye," na Mama Picha akajibu kama anayenunua kitambaa, "Nipasue tu, daktari, hayo mengine utayaona humohumo ndani," na daktari akaweka kalamu chini, "Humohumo ndani ndimo nisimotaka kuyaonea," na Mama Picha alikasirika, mbona mwenzake wa wodini alipasuliwa na sasa anapika, anafua, anagombana na mumewe kama zamani, dripu ni za watu ambao kisu kimewakataa, ndivyo alivyojiambia njia nzima kurudi nyumbani, ndivyo alivyojiambia leo akivua viatu, picha itoke nzuri, itoke nzuri, anipasue... "Mama, unanisikia? Unalibana tumbo," mtaalamu alisema, "na unashika pumzi kabla sijakwambia, picha inatoka imetikisika," hee, kumbe, kumbe hawajaona kitu, ni yeye, ni tumbo, analibana kama wale mabwana wa picha za kusimama wanaoingiza kitambi mpaka macho yanawatoka, "Mama Picha, piga haraka, nakufa," na pumzi anaishika mwenyewe kwa mazoea, ndivyo anavyofanya kila anapobonyeza kamera ili mkono usicheze, mwili haujui kwamba leo yuko upande wa pili, alitaka kucheka ila kucheka nako ni kutikisika, "Samahani, baba," alisema ndani ya bomba, na mtaalamu akasema, "Usijali, wengi wanabana, pumzika kidogo kwanza"... wanabana, lakini yeye anajua kwa nini wanabana, wanataka picha iwaseme vingine, na yeye huwasaidia, chunusi anafuta, mikunjo anafuta, isipokuwa yule mzee aliyekuja kukuza picha ya marehemu mkewe, akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, "Huyu ni nani?" "Mkeo, mzee, nimemsafisha tu," "Mke wangu ana kovu juu ya jicho, nirudishie kovu lake," akakaa kwenye benchi la wateja mpaka kovu likarudi, na siku ile Mama Picha alimwona msumbufu tu, leo amelala hapa anajisafisha mwenyewe, analisafisha tumbo kwa kulibana, ili nani adanganyike, daktari? Daktari adanganyike, amfungue, halafu... mama yao walimfungua, hilo halitaki kukumbukwa ila humu ndani hakuna pa kugeukia, walimfungua kuanzia kitovuni kushuka, wakakuta imetapakaa, wakamfunga kama walivyomfungua, daktari wa siku zile akatoka akasema hatukutoa kitu, na dawa haikuwezekana mpaka mshono ukauke, na mshono haukukauka, mama akafa anangojea kidonda kipone ndipo atibiwe ugonjwa, yeye na mdogo wake walikuwa wanapokezana kubadilisha bandeji, na miaka yote hii amekuwa akisema mama aliuawa na saratani kwa kuchelewa kisu, hajawahi kusema kisu kilifika, kilifika na kikarudi bure, kwa sababu hakuna aliyeona kabla... kuona kabla, basi ndilo jambo lenyewe, ndicho alichomaanisha yule daktari na kalamu yake chini, na mdogo wake pale nje analijua, ndiyo maana hatanii, anaogopa bandeji, atamwambia akitoka, zikiwa chache nitapasuliwa, zikiwa zimeshika utumbo nitaanza na dripu, nywele zikitoka zitoke, nitanyoa kabla hazijaniaga, atamwambia hivyohivyo, labda atacheka... lakini zionekane, zilipo zionekane, kila moja na mahali pake, itoke ilivyo, "Tuko tayari, Mama?" "Tayari," na akaliachia tumbo, likajaa, likapanda chini ya kava kama lilivyo, kubwa, lake, "Vuta hewa... toa... toa yote... usivute," akatoa, akatoa na ile aliyokuwa akiificha chini kabisa, ngo ngo ngo, kifua kitupu, fundi bati anagonga, usivute, bado, bado, "Pumua."

Mashine ilinyamaza.

"Hiyo imetoka safi," mtaalamu alisema. "Sasa tunaendelea na nyonga."