Mtu wa Kumi na Moja

Mtoto wa kaka yangu, Lukeba, alikuwa mwaka wa tatu wa hesabu na takwimu universite, Bujumbura, na alinichosha kwa masomo yake. Februari ya mwaka 1972 alikuja kwangu Rumonge kufanya utafiti wa kumalizia shule. Aliandika nyumba zote za mtaa kwenye vikaratasi, akavimwaga ndani ya ungo wangu wa mchele, akafumba macho na kuchota mia na ishirini.

"Bahati ndiyo inachagua, shangazi," alisema. "Mimi sipendelei mutu."

Nikamwambia bahati haijawahi kunichagulia kitu cha maana.

Katika kila nyumba alimwuliza mtu mmoja tu: umri, kazi, miaka ya shule. Nyumba yetu ilipotoka akaniandika mimi, Kabibi, muuza mawese, shule sifuri. Mtafiti hajiandiki, alisema. Kisha, kwa majivuno ya ujana, akasoma matokeo mbele ya wakubwa wa mji: kati ya watu mia na ishirini, kumi na mmoja walifika sekondari. Walimpigia makofi. Nami nilipiga, mjinga mimi.

Mwisho wa Aprili mapigano yalizuka Rumonge, na nyuma yake jeshi likaja. Likaanza kuchukua waliosoma, wasionekane tena. Barabara ilifungwa huku na huku, mitumbwi ikavutwa nje ya ziwa na kulindwa. Lukeba alichoma karatasi ya majina. Katika daftari zikabaki namba tupu. Alidhani amemaliza.

Asubuhi moja akaja mkubwa mmoja, mmoja wa wale waliopiga makofi, na askari nyuma yake.

"Amahoro, Mama. Mutoto yako anajua wale kumi na moja. Aandike majina, propre, safi kabisa. Nitapita saa kumi."

"Nilichoma majina," Lukeba alisema.

"Umesoma, kichwa iko muzima. Andika."

Akaondoka. Askari akabaki mlangoni, akakalia kigoda changu bila hata kuomba.

Lukeba aliandika majina kumi upesi. Tisa walikwisha kuchukuliwa, wa kumi alivuka ziwa kabla halijafungwa. Kalamu ikasimama. Aliyebaki alikuwa Vestine, jirani yetu ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akisomea ualimu. Hapo hapo tulimsikia akimbembeleza mwanawe.

"Andika kumi," nikamnong'oneza.

"Yule mkubwa alisikia kumi na moja kwa kinywa changu."

"Basi weka Mushagalusa, aliyekufa kwa homa."

"Mkubwa alikuwa ananunua samaki kwake, shangazi. Anajua hakusoma."

Nikamtaja mwingine, na mwingine. Kila niliyemtaja alikuwa hai, au alijulikana kuwa hajui hata kushika kalamu. Chumba kilikuwa kidogo tangu zamani, lakini siku ile niliona kuta zimenisogelea. Nilimkasirikia. Nilimwambia hesabu zake ni laana, angevua ndagala kama wenzake. Aliinama, akaandika neno moja, akafunika karatasi kwa kiganja.

Saa kumi mkubwa alirudi. Akahesabu kwa kidole, polepole, hadi mwisho.

"Lukeba. Ni nani huyu?"

"Ni mimi. Nyumba hii, namba thelathini na nne."

Yule bwana hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama, ni kweli? Katika nyumba yako aliandikwa yeye, si wewe?"

Mtoto wa Vestine alikuwa amenyamaza. Nilijua mama yake amemziba mdomo na anasikiliza. Lukeba alinikazia macho, nami nilimchukia kwa kunitwika mzigo ule. Ningesema hapana, wangetafuta wa kumi na moja mtaani, na mlango wa kwanza ungekuwa wa jirani. Nilimlea yule kijana tangu ana meno mawili.

"Ni yeye," nikasema.

Walimpandisha kwenye lori mbele ya macho yangu. Hakurudi.

Vestine bado ni jirani yangu. Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima, "Amahoro, mama." Siku nyingi namwitikia. Siku nyingine najifanya sijasikia, nami nasikia vizuri sana.